Kiti cha Kushoto

Admin wa kundi letu, unifiche jina. Na unisamehe kuchelewa. Uliniambia niandike kisa chote wakati mutoto wangu wa mwisho alikuwa hajaota jino, na sasa anatembea. Sikusahau. Kila nikianza, mutoto analia ao bwana anaingia, nami nafuta yote. Leo watoto wamelala muchana, bwana iko kazini, acha niandike mpaka mwisho.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, watoto watatu, naishi hapa Kalemie. Masomo niliachia katikati ya sekondari, kwa hiyo munivumilie. Bwana yangu ni shofere, anaendesha gari ya biro moja, ofisi ya hapa mjini. Rafiki yake wa tangu utoto, nitamwita Dede ingawa si jina lake, naye alikuwa shofere.

Mwaka jana rafiki yao wa tatu, anayefanya biashara na ng'ambo, alivusha gari ya mbio kutoka Kigoma. Ya njano, ya chini kabisa, milango miwili, sauti yake unaisikia mpaka ndani ya tumbo. Kwa kuwa ilitoka Tanzania, volan, ule usukani, ilikuwa upande wa kuume. Kwetu tumezoea shofere kuketi kushoto. Walitafuta uwanja mutupu nje ya kartie, mbali na nyumba za watu, wakapanga mipira ya zamani ya gari kuzunguka, wakapaita sirkwi, kiwanja cha mbio za gari. Juma pili kisha ya ibada tukaenda sote, na sufuria ya wali na ndagala.

Sitasema uongo, ilikuwa furaha. Muzunguko wa kwanza bwana aliniita mimi. Niliketi kushoto, yeye kuume na volan. Vijana waliosimama mbali wakacheka (na Neema pia si jina la kweli la mutoto wangu): "Muangalie Mama Neema, anaendesha na mikono juu ya magoti!" Bwana yangu alicheka mpaka machozi. Tangu harusi sikuwa nimemuona vile.

Tuliposimama, mutoto alikuwa analia kwa jirani niliyemuachia. Nikatoka. Dede akaingia pale nilipotoka, akisema, "Shemeji, umenipashia kiti moto."

Muzunguko wa pili bwana alikata kona kwa mbio sana. Gari ikapanda juu ya mipira, ikabinuka. Bwana alivunjika mufupa wa bega. Dede alivunjika paja na akapigwa kichwa. Mpaka leo siku ile yote haikumbuki, na gari ile aliiona siku ile tu.

Mwenye gari alikuwa hajamaliza karatasi za duane, za kulipa ushuru. Aliogopa. Tukiwa lopitali, yeye akaipakiza ndani ya kamyo ya mizigo, ikaenda kufunguliwa vipande vipande. Kesho yake watu wakaanza kuulizana: nani alikuwa ameketi kushoto? Dede. Basi njo yeye alikuwa anaendesha. Hakuna aliyekuwa na gari ya kuangalia tena volan iko upande gani. Mwenye gari alijua, akanyamaza. Bwana yangu alijua. Na mimi nilijua.

Nilidhani bwana ananyamaza kwa sababu ya maumivu. Alipopona nikamwambia, "Baba Neema, sema sasa." Akanijibu, "Nikisema, kazi inaenda. Watoto watakula ukweli wako?" Nikanyamaza. Hiyo njo zambi yangu, siisukumi kwa muntu.

Dede walimuondoa kazini. Kila biro akipeleka permi yake ya kuendesha wanamuambia, wewe njo uliyetaka kuua rafiki yako.

Lakini kinachonimaliza nguvu si hicho. Kila juma pili Dede anakuja kwetu, anachechemea, na samaki aliyepewa na mama yake. Anaketi mbele ya bwana yangu na kusema, "Kaka, sikumbuki, lakini nilikuumiza. Unisamehe." Na bwana yangu anamujibu, "Ilishapita, Dede. Kula." Mimi napakua. Mwaka muzima napakua. Juma pili iliyopita alitazama mikono yake akasema, "Shemeji, pengine mikono hii ina mukosi. Hata wakinipa gari nitaogopa." Niliingia jikoni nikaanza kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Sasa kuna papa mumoja, muzee tunayesali naye, kamyo yake inaenda Manono. Anatafuta shofere. Juzi alikuja kwangu akasema, "Mama, wewe ulikuwa pale kwa macho yako. Huyu Dede ni muntu wa kupewa gari?"

Nikasema, "Papa, unipe mpaka juma pili."

Akanitazama. "Neno la ndiyo ao hapana linahitaji juma nzima?"

"Kwangu mimi, ndiyo, papa."

Sitamdanganya yule papa. Hilo nimeshakata shauri. Bwana yangu nampenda, hanipigi, usiku mutoto akiwa na homa njo yeye anambeba. Kwa hiyo sitaki kumuuza nyuma ya mugongo. Nataka aende yeye mwenyewe kwa Dede kabla mimi sijaongea. Akikataa, nitaenda mimi, na mutoto mugongoni. Ila nimechoka, ndugu zangu, hata maneno ya kuanzia sina.

Matusi musinitumie, nimeshajitukana ya kutosha. Kuniambia niombe Mungu pia acheni, naomba kila siku. Ninachohitaji bado ni hivi. Mama aliyewahi kumuambia bwana yake jambo la namna hii, anitumie sentensi yake ya kwanza, vile alivyoitamka. Muntu wa sheria aniambie kama bwana akisema leo, kisha ya mwaka muzima, watamufunga. Shofere yeyote aniambie muntu aliyeogopa volan anarudishwaje. Na kama kati yenu kuna aliyebebeshwa kosa lisilo lake, huyo njo namungoja zaidi. Aniandikie kabla ya juma pili: siku ulipojua ukweli, yule mama aliyekuwa anakupakulia chakula ulimufanya nini?