Mafiga ya Uwanja wa Ndege

Msiniulize nani aliiba mawe ya uwanja wa ndege wa mji wetu huko Kitui. Tuliyaiba sote. Mwanzoni mwa miaka ya sabini ndege ziliacha kutua, na yale mawe ya chokaa yaliyoonyesha mpaka yakabaki yanatutazama tu. Mafiga ya mwaitu, yaani mama yangu, yalikuwa yamepasuka. Akachukua matatu. Jirani naye matatu. Kufikia mavuno hakukuwa na jiwe hata moja, na mwaitu alikuwa amepanda mbaazi mwisho wa uwanja.

Miaka ikapita. Halafu tukatangaziwa kwamba soko litajengwa pale. Ramani ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa, kwa hiyo mpimaji angefuata mawe. Ndani ya mawe, soko. Nje, shamba la mtu. Na mbaazi zile ndizo zilizotusomesha.

Mwaitu alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani na uongo hakuujua, au ndivyo alivyotuambia. Jumapili, siku moja kabla mpimaji hajaja, aliugua ghafla. Wengine walipoanza kuimba, tulikuwa tumeshayapaka mafiga chokaa upya. Tukayabeba, tukayapanga upande wa ndani wa mbaazi, penye masizi pakiwa chini.

"Sidanganyi mtu," aliniambia. "Narudisha mali ya serikali."

Huko uwanjani tulikuta nusu ya kanisa imefika. Kila mtu alikuwa na jiwe lake na ugonjwa wake. Hakuna aliyemsalimu mwenzake, na mchungaji alihubiria viti.

Jumatatu mpimaji alikuta uwanja mwembamba kiasi kwamba hata kuku angetua kwa maombi. Akazunguka, akafika kwetu, akainua jiwe moja. Chini lilikuwa jeusi tititi, na punje ya muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, imekaukia kwenye masizi.

"Mama, kwani ndege zenu zilikuwa zinapikwa?"

Mwaitu alifungua mdomo, uongo ukamshinda.

"Hilo limelisha watoto sita," alisema. "Ukilirudisha lilipokuwa, utang'oa chakula chao."

Mpimaji alitazama mbaazi, akanitazama mimi. Kisha akalilaza jiwe taratibu vile vile alivyolikuta, akapigilia alama yake hapo hapo.

Soko lile limepinda mwishoni hadi leo, na watu husema mpimaji alikuwa amelewa. Jumatatu ile jioni tulirudi kuchukua mafiga yetu. Tulikuwa hatujala chakula cha moto tangu Jumapili.