Barakoa ya Shingoni

Kabla ya saratani, Mzee Nyundo alikuwa mnadi, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alisimama juu ya meza akauza vitanda na makabati, na kila kitu kilipopata mwenyewe aligonga meza kwa nguvu. Ndiyo asili ya jina. Madaktari walipoondoa kisanduku cha sauti pamoja na uvimbe, walimwachia tundu chini ya koo. Akawa anapumulia hapo, na kuzungumza kwa daftari.

Ugonjwa wa mapafu ulipoenea mjini, mkewe alimshonea barakoa ya kufunga shingoni.

"Sasa virusi vikikutaka, itabidi viulize njia," alimtania.

Mzee Nyundo alitabasamu kwa sababu mkewe alikuwa anamtazama.

Siku ya kliniki, mlinzi alimzuia langoni.

"Mzee, barakoa inavaliwa mdomoni. Hiyo tai ya nini?"

Foleni ikacheka. Mzee Nyundo hakuona aibu wala hasira. Aliteremsha kitambaa, akamwonyesha. Mlinzi alirudi nyuma hatua mbili, kisha akampungia mkono apite.

Ndani, muuguzi aliongea huku macho yake yakiwa kwenye kadi.

"Daktari wako amehamishiwa wodi ya wenye virusi. Rudi baada ya wiki sita."

Zilipoisha, akaambiwa nane. Katikati ya hizo nane, akinyoa ndevu, vidole vyake viligusa kivimbe chini ya sikio, kigumu kama kokwa. Alimaliza kunyoa, akasuuza wembe, akaenda kunywa chai.

Mkewe alikiona alipokuwa akimsafishia tundu.

"Baba Pacha, hiki kina muda gani?"

Akainua vidole vitatu.

"Siku tatu?"

Akatikisa kichwa.

"Wiki?"

Akakubali. Mkewe alikaa kitandani, pamba mkononi.

"Na ukanyamaza."

Aliandika: "Daktari hayupo. Ningekwambia ili iweje?"

Kesho yake mkewe alimshika mkono hadi hospitali, akang'ang'ana mpaka akapatikana daktari mwingine. Madaktari wakachukua kipande cha kivimbe wakakipima. Baada ya siku kumi wakaitwa: saratani imerudi. Ingeonwa mapema, wangekata kidogo tu. Sasa ni mionzi.

"Pole sana, mzee."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Njiani mkewe alilia hadi barakoa yake ikalowa. Yeye alijipekua moyoni atafute walau woga, hakuupata. Akampa leso, wakasubiri magari yapite, wakavuka.

Mionzi ilianza Jumatatu.