Mpangaji Anayechoma Karatasi

Mimi Mwanawetu si mtu wa kuamini upesi, na sioni haya kusema. Ukiwa na vyumba vya kupangisha hapa Kasubi, mpangaji akahama alfajiri na kitasa cha mlango wako mfukoni, nawe utajifunza. Kwa hiyo Juliet Akot alipokuja kuomba chumba cha nyuma, nilimhoji kuliko polisi wa Naguru. Kumbe alizaliwa huko huko, kwenye kambi ya polisi. Baba yake, sajini Ogwal, alikuwa Mlango, mtu wa kabila la kaskazini, si mlango wa nyumba, na binti akakua na Kilango nyumbani, Kiswahili kambini, Kiluganda sokoni na Kiingereza shuleni.

"Unafanya kazi gani?"

"Mkalimani, Mama Farhana. Ya simu."

Kazi za simu nazijua. Mimi mwenyewe niliwahi kupigiwa na sauti tamu ikaniambia nimeshinda pikipiki, nikaitumia sauti hiyo pesa ya usajili, na pikipiki naingoja hadi leo.

"Ni hivi, Mama," akanieleza. "Mgonjwa iko hospitali, daktari hapana jua lugha yake. Wananipigia. Daktari anasema, mimi nasema. Mgonjwa anasema, mimi nasema. Basi."

Mimi na mume wangu, Maalim Abdul-Karim, tumezaliwa ndani ya Kiswahili. Babu zetu walikuja na biashara kutoka pwani, na mpaka leo ndani ya nyumba yetu hakisemwi kingine. Niliposikia hiyo "mgonjwa iko" nikajisemea, kama huyu ni mkalimani, basi mimi ni rubani. Lakini alilipa kodi ya miezi mitatu papo hapo, nikampa ufunguo.

Akatundika blanketi dirishani. Saa mbili asubuhi mlango umefungwa, vidude vya simu vimechomekwa masikioni, na mimi huku ukutani nasikiliza, maana nyumba ni yangu. Kilango sikijui, ila simu za Kiswahili zote alizianza kwa maneno yaleyale: "Mimi ni mkalimani. Yatakayosemwa hapa yatabaki hapa." Jamani, mtu mwema ana haja gani ya kusema hivyo mara kumi kwa siku?

Na ilipofika saa kumi jioni alitoka na karatasi alizoandika siku nzima, akazichanachana na kuzichoma kwenye sigiri kabla hajateleka maji ya chai.

"Mbona huzitunzi?" nilimuuliza.

"Sheria ya kazi, Mama."

Sheria ya kazi! Wezi nao wana sheria zao.

Siku moja alinikuta nachagua mchele, akachutama karibu yangu na kidaftari chake. "Mama Farhana, mwanaume mkubwa akishindwa kukojoa, kwa Kiswahili ya heshima watu wanasema aje?"

Niliweka ungo chini. "Haja ndogo inamsumbua," nikamjibu. "Na wewe unamtafutia heshima mwanaume gani?"

Alicheka tu, akaandika. Tangu hapo akawa anakuja kila mara kuniuliza: mshipa, kizunguzungu, mimba kuharibika inasemwaje mbele ya mama mkwe. Nilimpa maneno hayo huku nimekunja uso, lakini kusema kweli nilikuwa nayangoja maswali yake. Watoto wangu mwenyewe hawajawahi kuniuliza.

Halafu mume wangu akaanza safari za Jumanne. Anakwenda Lubaga, akasema, kumtazama rafiki yake Zaid, fundi cherehani, hajisikii vizuri. Jumanne ya tatu alirudi akapita mbele ya mlango wa Akot bila salamu, na huyu ni mtu anayesalimia hata kuku. Alasiri hiyo nikamkuta amesimama mlangoni hapo hapo, kofia mkononi, anasema kwa sauti ya chini, na binti anatikisa kichwa. Waliponiona, mume wangu akaondoka na binti akafunga mlango.

Jioni ile Akot alipokwisha kuchoma karatasi zake, niliinama kwenye sigiri. Kipande kimoja kilikuwa kimeungua ukingoni tu, na maneno mawili yakasomeka vizuri: mke asijue.

Nikakifunga kwenye pindo la khanga. Asubuhi nilimgongea kabla hajavaa vidude vyake.

"Hiki nini?"

Alipokiona kile kipande alishika kichwa. Nilitarajia aibu, lakini yeye alijikasirikia kama mtu aliyesahau kufunga bomba. "Kosa yangu, Mama. Ilikuwa iungue yote."

"Mke yupi asijue? Mimi?"

"Siwezi sema."

"Una nini na mume wangu?"

"Hakuna kitu, haki ya Mungu."

"Basi nieleze!"

"Nikisema, kazi imeisha. Na hata kama kazi haiishi, Mama Farhana, siwezi."

"Basi chumba nayo imeisha," nikamjibu kwa Kiswahili chake.

Hakubisha. Alikunja blanketi, akafunga sufuria kwenye khanga, akaita bodaboda. Hilo likanitia wasiwasi. Nimefukuza wapangaji wanne maishani, na wote walinitukana mpaka barabarani. Huyu aliniuliza ufunguo auweke wapi.

Dereva alikuwa anakaza kamba ya godoro Maalim alipotokea kutoka madrasa. Alitazama godoro, akanitazama mimi na kile kikaratasi mkononi mwangu.

"Mwanawetu, mrudishe binti wa watu. Hayo ni maneno yangu."

Tukasimama uani, akasema. Zaid mzima wa afya. Mgonjwa ni yeye, tezi dume. Daktari ni mgeni, hajui ila Kiingereza, na hospitali ikapiga simu ya mkalimani. Muuguzi angeweza kumfasiria kwa Kiluganda, nacho anakijua, lakini mambo ya mwili wake anayajua kwa Kiswahili. Sauti ilipoingia ilikuwa ya Akot. Palepale binti alisema anamfahamu mgonjwa, apewe mtu mwingine, na Maalim ndiye aliyekataa. Jana alikwenda kumwomba amrudilie alichosema daktari, binti akamwambia arudi kwa daktari mwenyewe.

"Ni vidonge tu," akamaliza, huku anavaa kofia. "Wamenipa vidonge."

Niliona haya, na hasira, na zaidi ya vyote niliumia kwamba mpangaji amejua kabla yangu. Nilimwendea Akot pale kwenye pikipiki. Nilitaka kusema samahani. Badala yake nikajisikia nauliza, "Ni vidonge tu?"

Dereva akazima injini.

"Mama Farhana," akasema Akot, "hiyo siyo yangu kusema. Muulize mwenyewe tena."

Nikamwambia dereva ateremshe godoro. Kisha nikamfuata Maalim ndani, nikafunga mlango, nikaketi kitandani karibu na mume wangu na kumuuliza tena. Mara hii vidonge hakuvitaja. Alisema wanataka kumpasua Alhamisi ijayo, na yeye amewakatalia, kwa sababu anaogopa.

Miaka thelathini na mmoja nimemshuku mtu huyu kwa kila kitu, wanawake, pesa, hata sukari ya kopo. Kwamba anaweza kuogopa, sikuwahi kumshuku hata siku moja.