Siku Niliyoruka "Za Hapa?"

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla dada yangu hajaitia chumvi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Masasi, na kalamu yangu nyekundu inaogopwa: mwanafunzi akianza insha ya ajali kwa habari za kuku wa bibi yake, nawafuta kuku wote na kuandika "Umetoka nje ya mada!" (kuku walikuwa watamu kuliko ajali, lakini sikukiri).

Basi mpwa wangu Hashimu akataka kumposa Somoe wa Newala, na kwetu mjomba ndiye msemaji. Tukiwa tunapandisha mlima dada akanionya, "Kaka, zunguka kwanza. Uliza mvua, uliza korosho." Nikamcheka, nikasema leo wataona mtu anayejua kwenda kwenye hoja.

Tulikuta uwanja umejaa, wanaume kwenye mikeka, akina mama nyuma kwenye masufuria makubwa, na mimi kwa kujiona kwangu nikajua mapokezi ni yetu. Nikamwamkia mjomba wa binti, mzee mwenye kofia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, kisha akauliza, "Za huko mtokako?"

Hapo mtu mwenye adabu hujibu, halafu naye huuliza, "Za hapa?" Mimi nikaona huko ni kupoteza muda, nikasimama, nikakohoa, nikapaza sauti: "Nzuri! Hatukuja kuzunguka, tumekuja kuposa, na ngoma tunaitaka mwezi huu huu!"

Hashimu akanifinya mguu.

"Mwalimu," mzee akasema taratibu, "ungeuliza za hapa, ningekwambia mama yangu ametutoka alfajiri. Bibi yake Somoe. Tunangoja kaburi liishe."

Nilikwenda kusaidia kuchimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, na hakuna aliyenisemesha, hata Hashimu, ambaye macho yake yalishajaa machozi kwa mke niliyemkosesha. Wakati wa kuagana mzee akanivuta kando: "Njooni baada ya arobaini. Ila uanzie mbali."

Nimeapa kuku wa wanafunzi siwafuti tena. Maana tuliporudi Newala baada ya arobaini nilianzia mbali kweli, nikauliza za hapa mara tatu, nikaingia kwenye mvua, nikatokea kwenye korosho na dawa ya kupulizia, nikapita kwa kuku wa bibi wa yule mwanafunzi, mpaka mzee akanishika mkono.

"Mwalimu, posa tulishaipokea tangu kwenye korosho," akasema. "Lakini hao kuku, wamalizie."