Mshenga Asiye na Jembe

Wewe, umeshawahi kuona mtu uliyemlilia msibani, ukala na wali wa matanga yake, amesimama mlangoni kwako? Hujaona. Mimi nimeona. Sikuota, wala sikuwa nimeonja pombe ya ulanzi. Ilikuwa alasiri, nimekaa nageuza maharage yangu. Anayesema bibi anazeeka vibaya aje nimwonyeshe mashine iliyomwita.

Mimi ni Mhehe wa Iringa, ila nakaa Mbeya kwa mjukuu wangu Tumaini, huku mlimani. Tumaini ni binti wa kompyuta. Chumba ambacho mimi ningefugia kuku, yeye kaweka seva. Hiyo seva ni boksi tu, linavuma kama mzinga wa nyuki, lakini ndilo linalotuma barua za imeili. Kina mama wa Ubaruku, wale wakulima wa mpunga, walimpa kazi hiyo, barua zao zote zitokee kwake. Sasa siku hiyo walikuwa na barua ya kwenda kwa mnunuzi wa mchele, yuko Iringa. Kasema isipomfikia mpaka jioni anachukua mchele wa watu wengine. Na mama mwenyekiti alishapiga simu: "Tumaini mwanangu, tunakupenda, lakini ikishindikana leo tunatafuta mwingine."

Basi mtoto anatuma, zinarudi. Anatuma, zinarudi. Nikamuuliza, kwani umemtukana nani huko?

"Hawanijui, Bibi," akasema. "Barua ikitoka moja kwa moja nyumbani kwa mtu wanaona ya tapeli. Inabidi nipitishe kwenye seva kubwa inayojulikana, ndiyo inipelekee. Inaitwa rilei."

"Si mshenga huyo!"

Nilicheka mie, jamani, mpaka maharage yakataka kuungua. Kumbe hata mashine zinaposa! Kwetu kijana haendi mwenyewe ukweni kusema nimempenda binti yenu. Atafukuzwa na mbwa. Anatumwa mshenga, anakwenda na jembe, analilaza mlangoni, anataja ukoo uliomtuma. Asipolaza jembe hapewi hata kigoda.

Tumaini alikuwa na washenga wawili humo kwenye kompyuta. Wa kwanza anataka jina, anataka neno la siri, ana maswali kama hakimu. Wa pili kamwokota huko mtandaoni, hataki kitu, anabeba za yeyote. Mtoto kachoka, simu inalia, akamweka huyo wa pili. Akatanguliza barua fupi za salamu kwa rafiki zake, ajaribu kwanza. Zikaenda! Hazikurudi. Nikapiga kigelegele.

Kigelegele hakijaisha, ukungu ukashuka. Unaujua wa huku, unaingia mpaka jikoni bila hodi. Nikasikia, "Kamwene."

Nikaitikia hata sijageuka, "Kamwene." Si ndiyo salamu yetu? Halafu nikageuka.

Babu Kikoti! Mshenga aliyekuja kuniposa mimi kwa ajili ya marehemu mume wangu! Tulimzika Iringa, nikiwepo, nikiimba. Sasa niambie, kaburi liko Iringa, mimi niko Mbeya, alipanda basi gani? Koti lake ni lilelile, udongo mwekundu umejaa kwenye ukosi. Begani kabeba mpini. Mpini mtupu.

"Nimefuata ile barua kubwa," akasema. "Zile za salamu nimeshazipeleka."

Usije ukasema ni macho ya kizee, Tumaini naye alimwona. Kidole kiliganda hapo hapo juu ya kibonyezo. Mimi sikungoja. Nikachomoa mwiko kwenye chungu, nikasimama kati yake na ile mashine.

"Babu Kikoti, umetumwa na nani?"

Akapiga hatua kuelekea kwenye seva.

"Jembe lako liko wapi?"

Akautazama ule mpini kama ndiyo kwanza anauona. "Limebaki kule," akasema.

Ni kweli. Jembe lake ndilo lililomchimbia kaburi. Niliona wakichomoa mpini na kukiacha chuma juu ya udongo, ndivyo tunavyofanya.

"Basi hapa huna cha kulaza!" nikamwambia. "Mshenga bila jembe ni mwizi wa maneno ya watu. Mimi ulinipeleka kwa mume mwema, na nilikushukuru ukiwa hai. Barua ya kina mama wa Ubaruku hubebi. Toka! Na wewe Tumaini, mfute huyo mshenga wako wa bure!"

Mtoto akamfuta. Akamweka yule mwenye maswali, akamjazia jina, akamjazia neno la siri. Na mzee huku anaisha, anaanzia miguuni, kama moshi wa kuni mbichi. Mpini ulikuwa wa mwisho kuondoka. Hata jua halijazama, mnunuzi akapiga simu mwenyewe: barua kaipata, mchele anauchukua.

Lakini zile za salamu je? Zilifika. Kila moja chini imeongezwa neno moja, "Kamwene." Na Tumaini kazaliwa Mbeya, Kihehe hajui hata cha kuombea maji. Mpaka leo ukungu ukishuka, lile boksi linalia, barua inaingia haina jina la aliyeituma. Yeye anaifuta. Mimi napiga kelele kutoka jikoni: jembe liko wapi? Siogopi. Aogope yeye, mimi bado nina mwiko.

Na wewe unayenisikiliza, anayekubali kukubebea maneno bila kukuuliza kitu, muulize wewe. Hata kama unamfahamu. Hata kama alikula kwako.

Tumaini yeye ameshaelewa. Juzi kanishika mkono, kaniahidi: "Bibi, siku ukifa ukanirudia hapa mlangoni, hata ukija na maharage yako, hata nikiwa nalia kwa kukukumbuka, nitakuuliza kwanza jembe liko wapi."