Karamu ya Wenye Kuokoka

"Aliokoka nini huko mtoni?"

Niliulizwa swali hilo nikiwa na miaka kumi, jikoni mwa jumba la makumbusho, na mama mmoja mzee wa Kiyahudi aliyeshika glasi ya chai isiyo na maziwa. Sikuweza kulijibu. Mwezi uliopita nilirudi kwenye jumba lile la makumbusho, hapa hapa Durban, safari hii nikiwa mtu wa chuo kikuu mwenye daftari na maswali mengi kuliko adabu, nikamkuta ukutani. Picha yake ni kubwa kuliko dirisha la chumba tulicholala familia nzima kule mtaa wa Point. Chini yake kuna kitufe. Ukikibonyeza, sauti yake inakusimulia alivyofichwa utotoni chini ya sakafu, nani alimletea mkate, na nani hakurudi. Nilikibonyeza mara tatu. Sitakudanganya, rafiki yangu: sikulia. Niliona wivu, ule ule wa zamani.

Siku zile Mama alikuwa akifanya kazi kwa mpishi wa sherehe, na chakula cha Wayahudi kina masharti yake. Kila jani la saladi lilipaswa kukaguliwa, lisije likapita na mdudu hata wa ukubwa wa chembe ya chumvi. Mzee mmoja mwenye kofia ndogo alikaa mlangoni mwa jiko kwa kazi hiyo tu. Vijana wa jikoni walikuwa wakimkasirisha, ndipo Mama akamtaja koko, yaani nyanya yangu. Vidole vya koko vilizoea lengalenga, yaani mchicha, aliyoinunua kwa mafungu pale soko la Warwick. Alilinyanyua jani kwenye mwanga, akaligeuza, akalipitisha au akalitupa, bila kukatiza wimbo wake. Yule mzee alirudia kukagua mabakuli mawili ya kwanza. La tatu alilitazama tu, akaenda kunywa kahawa.

Koko hakujua Kiingereza, na Kizulu chake kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo mimi nilipelekwa niwe mdomo wake.

Asubuhi Mama alikuwa ametuambia harakaharaka, akitafuta viatu: "Ni karamu ya wazee wenye kuokoka. Na tajiri mumoja mwenye kusaidia watu." Kwetu, kwenye kanisa lililokuwa juu ya duka la simu, kuokoka ni jambo moja tu: kumpokea Yesu. Koko akafunga kitambaa chake cheupe cha kwaya. Ndani ya taxi nilimuuliza kama Wayahudi nao wanaokoka, na kama wameokoka kwa nini wafanyiwe karamu wao na sisi tusifanyiwe. Alinijibu kwamba kichwa changu kina mdomo mwingi.

Nilipochungulia ukumbini ndipo nilipoelewa nusu: hawa waliokoka kuuawa. Ukutani palikuwa na picha za watoto, mabegi yenye majina, magari ya moshi. Mezani, mbele ya kila mzee, kulikuwa na kadi yenye jina lake kwa herufi za dhahabu. Watu waliinama kuwasikiliza. Mzee akidondosha kitambaa, watu watatu wanakiokota. Na mimi nikafikiria koko, ambaye alikuwa na picha moja tu duniani, ile ya karatasi ya ukimbizi, amefumba jicho moja. Nilijua kwetu pia watu waliuawa. Nilijua kwa jinsi wakubwa walivyonyamaza nikiingia. Lakini hakuna aliyeandika jina la koko kwa dhahabu. Nilitaka akae kwenye kiti chenye kadi. Siku ile sikutaka kitu kingine chochote.

Yule mama mzee aliingia jikoni kuomba chai, akasema kelele za ukumbini zimemchosha. Akavuta kiti, akamtazama koko akilinyanyua jani kwenye mwanga. Alimtazama muda mrefu. Kisha akaniuliza tumetoka wapi, nikamwambia Congo, upande wa Uvira. Akauliza kwa sauti ya chini kama nyanya yangu naye ni mmoja wa waliookoka.

Nikatafsiri nilivyojua. "Koko, anauliza kama umeokoka."

Koko aliweka jani chini. "Mwambie ndiyo, nimeokoka," akasema. "Mwambie, mtoni."

Nikamwambia: ndiyo, mtoni. Ndipo likaja lile swali, na ndipo moto ukanipanda masikioni, kwa sababu niligundua kosa langu. Huyu mama anauliza habari za kifo, na koko amemjibu habari za ubatizo. Aliokoka nini mtoni? Dhambi, basi! Nilipaswa kusema hivyo, nirekebishe. Nikafikiria ile kadi. Nikanyamaza.

"Anasema nini?" koko akauliza.

"Anasema asante."

Mama mzee aliuchukulia ukimya wangu kuwa jibu. Alimshika koko mkono, ule wenye majimaji ya saladi, na wote wawili wakakaa hivyo hadi chai ikapoa. Nikaona wivu tena, ajabu yake. Mimi koko hakuwahi kunishika hivyo.

Kisha yule mama mzee akamnyanyua koko, akamwingiza ukumbini na aproni yake, akamketisha kando yake. Yule tajiri, mwenye viwanda vya nguo, ndiye aliyekuwa akipewa ngao ya heshima. Alisema maneno machache, kisha akaomba wale waliookoka wasimame wapigiwe makofi, maana ngao ni yao. Wazee wakasimama mmoja mmoja. Yule mama mzee akasimama, akamgusa koko bega. Koko akasimama. Tajiri alikiona kile kitambaa cheupe na aproni, akasita, kisha akaanza kupiga makofi yeye wa kwanza. Mimi nilikuwa mlangoni nikitamani sakafu ipasuke. Nilikuwa nimekipata kiti nilichokitaka, nacho ni cha uongo.

Nyumbani Mama alicheka hadi akashika ukuta. Alisema koko, aliyeambiwa karamu ni ya wenye kuokoka, ameona watu wakisimama akadhani mchungaji anaita watu madhabahuni. Stori hiyo ilizunguka Point nzima, kwenye saluni na kwenye duka la simu. Koko alitabasamu tu na kuendelea kuchambua lengalenga. Hakubisha hata siku moja. Nami nilibeba aibu ile miaka kumi na mitatu.

Yule mama mzee ameshafariki, na wenzake karibu wote. Jiko lile sasa ni stoo ya viti. Koko naye tulimzika mwaka jana, na popote ukibonyeza hutaisikia sauti yake.

Kwenye matanga alikuja mama mdogo kutoka kambini Tanzania, ambaye alikimbia pamoja na koko wakati Mama alikimbia kwa njia nyingine. Watu wakaanza tena ile stori ya madhabahu, wakacheka. Yeye hakucheka. Aliuliza koko alisema neno gani hasa, nikamwambia: mtoni. Akaniambia walijificha wauaji siku mbili kwenye matete ya mto Ruzizi, maji yamemfika koko kidevuni, na yeye mwenyewe, wakati huo mtoto wa miaka mitatu, amefungwa mgongoni, mkono wa koko kinywani mwake asilie.

Na ubatizo? nikauliza.

Akasema koko alibatizwa baadaye, kambini, ndani ya shimo lililotandikwa turubai, kwa maji ya madumu.