Nafula Wawili na Buibui Mmoja

Najua utasema ni uzushi. Sema tu, nimezoea. Lakini mimi nauza mbegu na dawa za mifugo hapa Kitale, sina kipaji cha kutunga, na haya nitakayokueleza niliyaona kwa macho yangu, nikiwa na akili zangu zote.

Mke wangu alipofariki, binti yetu Njeri alikuwa ameshaolewa Nakuru. Nikabaki na nyumba nyuma ya duka, na redio. Unajua upweke? Ni kununua mkate nusu na bado unaota ukungu. Ni kufunga duka na kugundua kwamba neno la mwisho ulilosema siku hiyo ni "changanya na maji safi".

Jioni moja ya mvua, nikijiandaa kufunga, mama mmoja akaingia. Wa umri wangu hivi, kitambaa cha manjano kichwani, kikapu mkononi. Nilidhani anajikinga mvua. Akatoa mikebe mitatu ya plastiki, ile ya mafuta ya kupikia, vifuniko vimetobolewa tundu ndogo ndogo, akaipanga kwenye kaunta. Ndani ya kila mkebe kulikuwa na buibui. Si hawa wa kwenye dari, bana. Ni wale wakubwa wa manyoya, upana wa kiganja, ambao vijana huwaita tarantula.

"Chagua mmoja," akaniambia. "Utakuwa na mtu nyumbani."

Wewe ungefanya nini? Ungemfukuza. Mimi nilimvutia kiti.

Alinifundisha taratibu, kama mtu anayekuonyesha kubeba mtoto mchanga. Usichukue anayeparamia ukuta kila ukifungua kifuniko, mtaogopana bure. Usichukue mwenye tumbo lililosinyaa, huyo ana kiu au ni mgonjwa. Chukua jike, kwa sababu dume akishakomaa haishi sana, lakini jike anaweza kukaa nawe miaka na miaka. Mwekee udongo wa kutosha ajichimbie, na maji kwenye kifuniko cha soda. Mpe panzi; akimkataa, mtoe huyo panzi, usimlazimishe. Usimshikeshike, maana akianguka tumbo linapasuka. Na siku ukimkuta amelala chali, miguu juu, usimtupe. Hajafa. Anavua ngozi. Mwache mpaka amalize.

Nikachagua wa kahawia aliyetulia. Nikamuuliza nitampata wapi nikiwa na swali.

"Bungoma, kule Kanduyi, karibu na kinu cha kusaga mahindi. Uliza Nafula."

Akatoka. Niamini, nje kulikuwa kunamwagika, na tangu alipoingia nguo zake zilikuwa kavu. Hilo nililiwaza baadaye sana.

Basi nikawa mtu mwenye sababu ya kufunga duka. Nilikuwa namweka mezani nikila, namsimulia ni nani amekuja, ng'ombe wa nani amepona. Hakunijibu, ndiyo, lakini alikuwa pale. Halafu asubuhi moja nikamkuta chali. Jamani! Nilijua niliyofundishwa, lakini moyo ulikataa. Sikufungua duka. Nilikaa kando yake mpaka alipojivuta na kusimama, mpya, anang'aa, na kando yake ile ngozi ya zamani: miguu yote, manyoya, hadi meno. Kama yeye kabisa, ila mtupu.

Nilifurahi hadi nikatafuta mtu wa kumwambia. Sikuwa naye. Ndipo nikamkumbuka Nafula.

Jumapili baada ya ibada nikashuka Bungoma. Kinu nilikiona, nyumba nikaonyeshwa. Mlango ukafunguliwa na mama yule yule. Kabla sijasalimia akanishika mkono kwa furaha.

"Karibu, baba! Nilijua utarudi. Njoo umwone, amevua ngozi!"

Akaniingiza ndani. Mezani kulikuwa na mkebe wa plastiki, na ndani yake buibui wa kahawia.

"Huyu umemtoa wapi?" nikamuuliza.

"Ati nimemtoa wapi? Si ni wewe uliniletea?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba mwanaume alimjia jioni ya mvua na mikebe mitatu, akamwambia achague, akamfundisha kila kitu, akasema anatoka Kitale na anauza dawa za ng'ombe. Sura yangu. Koti langu. Na mimi, kweli ya Mungu, sikuwahi kukanyaga Kanduyi kabla ya siku hiyo. Naye Kitale hakuwa amefika tangu harusi ya dada yake.

Nikatazama nyumba yake. Viti vilikuwa vinne, na kimoja tu ndicho kilichochakaa.

Tungeogopa, sivyo? Tuliogopa, lakini kidogo. Mtu akikaa kimya muda mrefu, sauti ya mwenzake humsahaulisha mengi. Tukaanza kupigiana simu kila jioni. Mwishowe nikamwalika kwangu, siku ikapangwa, akafika mapema mchana. Nikammiminia chai.

Hapo tukaongea, wewe! Nilimweleza siku za mwisho za mke wangu, maneno ambayo hata Njeri sijawahi kumwambia. Alinisikiliza ameinamisha kichwa upande, hakunikatiza hata mara moja. Nililia, na sikuona haya.

Simu yangu ikaita. Nikaitazama. Nafula.

"Baba Njeri, nisamehe, gari limeharibika hapa Kimilili. Usipike bado."

Nikainua macho. Nafula alikuwa kwenye kiti changu, mikono mapajani, ananitazama kwa upole ule ule.

"Mwambie asiharakishe," akasema.

Akasimama, akanyoosha gauni lake, akatoka. Kikombe chake kilikuwa kimejaa, maziwa yameshaweka utando juu.

Jua likielekea kuzama, mlango ukabishwa. "Hodi! Baba Njeri, ni mimi." Nikamchungulia dirishani. Kitambaa cha manjano, vumbi miguuni, mfuko wa ndizi. "Ni mimi, fungua." Sasa niambie, yeyote kati yao si angesema hivyo? Mkono wangu ulikataa kufungua. Alisubiri, akaniita tena, sauti ikaanza kukatika. Kisha akaweka ndizi kizingitini, akaondoka.

Hapokei simu zangu tena. Nimeshuka Kanduyi kujieleza, akaongea nami kupitia dirisha, komeo limefungwa. Simlaumu. Atajuaje ni yupi amekuja?

Buibui ninaye bado, anakula vizuri. Lakini nikikaa jioni natamani Nafula arudi, na hapo ndipo ninapojiogopa. Kwa sababu aliyesikiliza habari za mke wangu mpaka mwisho si huyu wa Kanduyi. Ni yule mwingine.

Kwa hivyo, wewe unayeishi peke yako, nisikilize. Siku mtu usiyemjua akileta mlangoni kwako kitu cha kukuondolea upweke, kabla hujachagua, muulize alijuaje kwamba uko peke yako. Mimi sikuuliza.